Mafuta ya Mwilini Yanazungumza: Kutoka Kuluva Hadi Homoni za Unene

Bismillahir Rahmanir Rahiim

Sifa njema zote ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na Maswahaba zake.



Kila Ramadhani inapokwisha, mazungumzo katika nyumba zetu za Arua na Koboko huwa ni yale yale. Hakosi mmoja wa kusema kwamba kanzu yake ya Idi ya mwaka jana haimuenei. Amefunga siku zote, tarawehe hakuikosa, na bado kitambi kimeongezeka. Watu hucheka. Lakini katika nyumba hiyo hiyo mara nyingi yupo mama anayemeza vidonge vya presha, au mzee ambaye kisukari kimemfikisha kwenye kukatwa kidole cha mguu, na kicheko hicho hakiendi mbali. Wanafunzi nao hutuuliza: je, maradhi haya babu zetu walikuwa nayo? Na kama hawakuwa nayo, yametoka wapi?

Tumeona tujibu kwa njia ya historia. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu ilianza kuandikwa hapa hapa kwetu West Nile, na wengi wetu tunapita karibu na mahali penyewe kila wiki bila ya kujua.

Hospitali ya Kuluva

Ukitoka Arua mjini ukaelekea kusini kiasi cha kilomita kumi, unafika Kuluva. Hospitali ya pale ni ya misheni ya Kikristo, na Waislamu wa wilaya hii wametibiwa pale kama watu wengine wote. Heri haifichwi kwa sababu ya aliyeifanya. Waliofanya kazi kubwa pale kuanzia miaka ya 1940 ni ndugu wawili kutoka Uingereza, Dr. Ted Williams na Dr. Peter Williams.

Huyu Dr. Ted alikuwa na tabia ambayo madaktari wengi wenye wagonjwa wengi na msaada mdogo hawana nafasi nayo. Alikuwa akiandika. Ugonjwa gani umeingia, mgonjwa anatoka kijiji gani, ulimwanza lini. Wilaya yetu wakati huo ilikuwa ya mbali sana na Kampala. Eneo hili lilikuwa limeshapita mkononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha Sudani, na likaingizwa Uganda mwaka 1914 tu. Hakuna aliyetarajia kwamba daftari la hospitali ya huku porini lingesomwa London.

Mwaka 1961 alikuja kumchukua rafiki yake wa Mulago, mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt. Huyu Burkitt alipoteza jicho moja akiwa mtoto, na kwa jicho lake lililobaki aliona mambo ambayo wenye mawili hawakuyaona. Alikuwa ameshaandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa mataya unaowaua watoto wa Uganda, ugonjwa ambao leo duniani kote unaitwa kwa jina lake. Alitaka kujua ugonjwa ule unaishia wapi. Basi yeye, Dr. Ted wa Kuluva na mwenzao wa tatu, Dr. Cliff Nelson, wakanunua gari kuukuu kwa pauni 250, wakaondoka Kampala mwezi wa Oktoba 1961, wakazunguka nchi za Afrika Mashariki na Kusini kwa wiki kumi, maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza swali moja: mnauona ugonjwa huu, au hamuuoni?

Ramani waliyorudi nayo ilishangaza watu. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, na haukupanda sehemu za juu zenye baridi. Baadaye, mwaka 1967, kumbukumbu za West Nile peke yake zilitosha kuonyesha kwamba wagonjwa hujikusanya mahali pamoja na wakati mmoja, jambo lililowafanya wataalamu wafikirie vijidudu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya hii ili kukitafuta kirusi kinachohusika, na mwaka 1978 matokeo yakachapishwa. Huenda msomaji mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa West Nile, alichomwa sindano ile akiwa mtoto na hakumbuki.

Kwa nini tunasimulia habari za saratani katika makala ya unene? Kwa sababu njia ni ile ile. Burkitt alijifunza kwamba ukitaka kujua sababu ya ugonjwa, uliza pia ni nani asiyeupata. Alipohama Uganda mwaka 1966 aliendelea kupeleka fomu kila mwezi kwa hospitali za misheni zaidi ya mia moja, akiuliza: mwezi huu mmeona wangapi wenye kidole tumbo? Wangapi wenye mawe kwenye nyongo? Majibu kutoka vijijini yalikuwa yanafanana: wachache mno, au hakuna kabisa. Maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza hayakuwepo huku.

Dr. Trowell na yule jaji

Yupo mwingine ambaye jina lake halitajwi sana. Dr. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha Makerere na kutibu Mulago miaka mingi. Alijulikana zaidi kwa kazi yake juu ya kwashiokor, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili. Lakini wakati wote huo alikuwa akiona jambo jingine: katika miaka yake ya kwanza watu wanene miongoni mwa Waafrika hawakuonekana, hata pale ambapo chakula kilibaki sahanini.

Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walieleza habari za mgonjwa wa Afrika Mashariki mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, jambo lililokuwa geni kiasi cha kuandikiwa makala katika jarida la madaktari. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jaji, mtu mnene wa miaka 48, aliyekaa Uingereza na kula chakula cha huko kwa muda mrefu. Halafu Trowell akaondoka. Aliporudi kutembea mwaka 1970 alishtuka. Mijini aliwakuta Waafrika wanene kila upande, na kliniki za kisukari zimejaa. Miaka kumi na kitu tu ilikuwa imepita. Damu ya watu ilikuwa ile ile, jua lile lile.

Wawili hawa, Trowell na Burkitt, waliungana wakaandika. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha hesabu ambazo zinaweza kumfanya mtu acheke tena: walipima choo. Wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa kiasi cha masaa 36, na choo chao kwa siku kilikuwa gramu 470 hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza, masaa 83 na gramu 104. Tofauti, wakasema, ni nyuzinyuzi za chakula. Mzungu alikuwa ameziondoa kwenye unga wake na kuongeza sukari mahali pake. Mwaka 1981 wakatoa kitabu kizima juu ya maradhi ya namna hii, na unene na kisukari vimo katika orodha yao.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wavumilie tutoke nje ya njia kidogo. Katika kitabu chake cha Qanun, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ana sehemu inayoeleza namna ya kumpunguza mtu mnene. Anaagiza chakula kingi kwa ujazo lakini chepesi kwa lishe, anataka kishuke haraka tumboni, na anaongeza mazoezi ya nguvu. Msomaji aliye na hesabu za Burkitt mkononi ataona kwamba yale masaa 36 yanaifuata dawa hii ya zamani karibu neno kwa neno. Hatusemi kwamba Burkitt aliiba. Alikuwa Mkristo mcha Mungu aliyefikia jambo lile kwa njia yake mwenyewe, na sisi Waislamu tuliokuwa na kitabu kwenye rafu zetu hatukufanya nacho kitu kwa miaka mia tisa.

Chakula cha wazee wa West Nile kilikuwa kipi? Msomaji anakijua, maana bado kipo: ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, kunde na majani yake, mboga za porini, simsim, karanga, samaki wakavu wa Ziwa Albert. Nyama ilikuwa ya siku maalum. Sukari ilifika polepole. Kiwanda cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na dukani huku ilikuwa kitu cha kununua kwa vijiko. Na kila kilicholiwa kililipiwa kwa jembe, kwa kinu na kwa miguu. Tusijidanganye kwamba maisha yale yalikuwa pepo. Watoto walikufa kwa wingi, na Trowell huyo huyo alipata umaarufu kwa kuwatibu waliovimba kwa njaa.

Panya walioshonwa pamoja

Burkitt na Trowell walijua kwamba chakula kimebadilika na miili imebadilika. Kilichokuwa katikati hawakukijua. Enzi zao mafuta ya mwilini yalichukuliwa kama gunia la mahindi ghalani: ukiweka yanaongezeka, ukitoa yanapungua, gunia lenyewe halisemi kitu.

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, alizaliwa panya mnene kupita kiasi, asiyeshiba. Akazaa wengine kama yeye. Baadaye akapatikana panya wa aina ya pili, mnene pia na mwenye kisukari. Mwanasayansi Douglas Coleman aliwashona panya wawili wawili ili damu ya mmoja iingie kwa mwingine. Panya mnene wa aina ya kwanza aliposhonwa na panya wa kawaida, alipunguza kula. Panya wa kawaida aliposhonwa na yule mnene wa aina ya pili, aliacha kula kabisa mpaka akafa kwa njaa. Coleman akaelewa: kuna ujumbe unaosafiri katika damu ukisema "tumeshiba". Panya wa kwanza hana ujumbe huo. Wa pili anao tele, lakini ubongo wake hauusikii.

Ujumbe wenyewe ulitafutwa mpaka mwaka 1994, alipoupata Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York. Walikuta kwamba unatengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Wakauita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Gunia lilikuwa linasema muda wote!

Dunia ilidhani dawa ya unene imepatikana. Kampuni moja ya dawa ilinunua haki za leptini kwa dola milioni 20. Na kweli, kwa watu wachache sana waliozaliwa bila ya leptini ilikuwa kama muujiza: mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, binamu wa familia yenye asili ya Pakistan, waliokuwa wanene mno kwa sababu hiyo, na walipochomwa sindano za leptini njaa yao ilitulia na uzito ukashuka. Lakini kwa watu wanene wa kawaida dawa haikufaa kitu cha kutajika, na jaribio lililochapishwa mwaka 1999 liliwavunja watu moyo. Mwaka 1996 ilishaonekana sababu yake. Mtu mnene leptini anayo nyingi kuliko mwembamba. Yeye ni kama yule panya wa pili: ujumbe unapigwa kelele, na ubongo umeuzoea kama mtu anayelala karibu na mashine ya kusaga unga.

Wakati huo huo, mwaka 1995 na 1996, watafiti wa Marekani na wa Osaka, Japani, walipata homoni nyingine ya mafuta, adiponektini. Hii ina tabia ya ajabu. Seli za mafuta zinapojaa na kuvimba, yenyewe hupungua. Na kazi yake ni kuisaidia insulini iingize sukari mahali pake na kuilinda mishipa. Mwaka 2003 ikaonekana pia kwamba mafuta yaliyozidi, hasa yale ya tumboni ndani yanayozunguka utumbo na ini, huingiliwa na seli za ulinzi wa mwili, yakawa kama jipu lisilotoa usaha, likitoa sumu ndogo ndogo mchana na usiku. Hapo ndipo kitambi kinapogeuka kisukari na presha. Kwa hiyo watu wawili wenye kilo sawa si lazima wawe na hatari sawa. Inategemea mafuta yamekaa wapi.

Njaa tuliyoipitia

Lipo jambo jingine kuhusu leptini ambalo kwetu sisi watu wa West Nile ni zito kuliko hayo yote. Kazi yake kubwa, walivyokuja kuelewa wataalamu, si kumzuia mtu kunenepa. Ni kupiga mbiu ya njaa. Mtu akikosa chakula siku mbili tatu, leptini huanguka haraka sana, kabla hata mafuta yenyewe hayajapungua kwa kiasi hicho. Ubongo ukiona hivyo hufunga milango: joto la mwili hushuka, mwanamke anaweza kukosa hedhi, nguvu hupungua, na fikra zote zinarudi kwenye chakula.

Wazee wetu wanaijua hali hiyo bila ya kuambiwa na maabara. Baada ya vita vya mwaka 1979, watu wa Arua, Koboko na Aringa walikimbia kwa maelfu, wengine Sudani, wengine Zaire, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980 au baadaye. Walikula majani na mizizi. Walizika watoto njiani. Mama aliyetoka katika hali ile, akija kumuona mjukuu wake amenona, anamshukuru Allaah, na ana haki. Kisha mwaka 1985 madaktari wa Uganda wakaeleza katika jarida la Uingereza ugonjwa mpya ambao watu wa Rakai waliuita "slim", yaani wembamba, nao ulikuwa ukimwi. Kwa miaka ishirini baada ya hapo, aliyepungua mwili alionekana amebeba kifo, na mume ambaye mkewe amekonda alitazamwa vibaya msikitini.

Kwa hiyo tunapowaambia kina mama "punguzeni uzito", tunaongea na watu ambao historia yao yote imewafundisha kinyume chake. Tunaona kwamba mabango mengi ya afya hayalifikirii jambo hili, na ndiyo maana hayasikilizwi.

Chakula na mazoezi hufanya nini hasa

Sasa tufike kwenye swali. Mtu akipunguza chakula na akatembea, homoni hizi zinabadilika vipi?

Zinabadilika, na vipimo vipo. Mtu mnene akipunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, leptini yake hushuka karibu nusu. Hicho ndicho kilichoonekana mwaka 1996, punguzo la asilimia 53. Mjini Naples, Italia, wanawake wanene 120 walifuatiliwa kwa miaka miwili, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Nusu yao walifundishwa kwa makini kula nafaka nzima, mboga, matunda, kunde na mafuta ya zeituni, pamoja na kutembea zaidi. Nusu nyingine walipewa maelezo ya kawaida tu. Wale wa kwanza walipungua zaidi, adiponektini yao ikapanda, na dalili za ule uvimbe wa ndani zikashuka. Tukiitazama sahani ile ya Naples, ukiondoa zeituni, ni kunde na mtama na mboga za bibi zetu.

Mazoezi peke yake yana hesabu tofauti kidogo, na hapa wengi hukata tamaa bure. Anayetembea mwezi mzima bila ya kubadilisha sahani huenda asipungue hata kilo mbili, na vipimo vya leptini na adiponektini katika damu yake vinaweza visisogee sana. Lakini yale mafuta ya ndani ya tumbo hupungua hata mizani ikiwa imesimama, na misuli inayofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imechoka. Kamba ya fundi cherehani kiunoni inasema kweli zaidi kuliko mizani. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Ukizidi hapo, nenda ukapimwe sukari na presha.

Na ipo habari isiyopendeza, ambayo hatuoni sababu ya kuificha. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliwachukua watu 50 wanene, wakawapa chakula kidogo sana kwa wiki kumi, kisha wakawapima tena baada ya mwaka mmoja. Leptini ilikuwa bado chini, na homoni ya njaa itokayo tumboni bado juu. Mwili uliamini kwamba uko katika njaa ya 1979. Ndiyo maana wanaojinyima ghafla hurudi walikotoka, na si kwa sababu imani yao ni dhaifu. Tunawaomba wale wenye ndimi kali katika familia, wanaowacheka ndugu zao mbele ya wageni, walisome tena neno hili. Zipo sindano mpya za kupunguza uzito zilizoenea miaka ya karibuni, nazo zinafuata homoni za utumbo, si za mafuta. Bei yake kwa mtu wa Koboko tusiizungumze.

Ramadhani je? Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Ufaransa kwa vijana wanaume wa Kiislamu. Leptini kwa kawaida hupanda usiku. Katika Ramadhani, kilele chake kilichelewa kwa muda wa masaa matano na nusu hivi, kwa kufuata saa za kula. Maana yake mwili hujipanga upya na saum, haupotei. Lakini huko Bahrain, uchunguzi wa mwaka 2003 kwa wanawake uliona leptini na insulini zikipanda katika mwezi huo. Tofauti kama hizi ziko nyingi katika tafiti za Ramadhani, na sababu yake kubwa si siri kwa mtu yeyote aliyewahi kufuturu nasi: watu hawafuturu sawa. Saumu ni moja, na sahani ni nyingi. Sambusa, chapati, uji wa sukari, soda, kisha pilau, kisha usingizi mpaka daku. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imeturuhusu kula na kunywa na ikatukataza israfu, na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi imetugawia tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi. Hapana aliyesema kwamba hesabu hii inasimama Magharibi ikiingia.

Barabara ya lami

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Alhamdulillah, mgonjwa anafika hospitali akiwa hai, na bidhaa za Kampala zinafika Koboko zikiwa mbichi. Zinafika pia soda, biskuti na mafuta ya kupikia ya madumu. Safari ambayo mama alikuwa akienda kwa miguu na mzigo kichwani sasa ni ya bodaboda. Posho ya mahindi meupe yaliyokobolewa imechukua nafasi ya ugali wa muhogo na mtama, kwa sababu ni rahisi kupika na inaonekana ni ya kistaarabu. Kijana anakula rolex asubuhi na nyingine jioni. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na kwa mambo haya imestahili cheo hicho.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016, wanawake wa Uganda waliozidi uzito walikuwa asilimia 24, wanaume asilimia 9. Kwa nini wanawake? Sababu ni nyingi, lakini moja iko mikononi mwetu. Mwanamme wa Arua akitaka kukimbia asubuhi, anavaa raba anatoka. Binti yake wa kidato cha tano, au mama yake, wapi atakimbilia kwa stara na bila ya kupigiwa miluzi? Shule zetu zina viwanja ambavyo baada ya saa kumi na moja jioni havina mtu, na vingine vina ukuta. Hatujasikia kamati ya msikiti ikikaa kulizungumza jambo hili, ilhali tumekaa mara nyingi juu ya vipaza sauti.

Mahali pengine dawa iko karibu mno. Mashine ya kusaga ikubali kusaga bila ya kukoboa, na wenye nyumba wakubali kula. Muhogo na mtama bado vinauzwa sokoni Arua, na kunde pia. Fundi wa harusi akipunguza mafuta kwenye pilau, hapana mgeni atakayeondoka. Wakimbizi wa Sudani Kusini waliotujia kwa wingi tangu mwaka 2016 wamepokea mgao wa nafaka na kunde, na wengi wao wanajua kupika mboga za majani kuliko vijana wetu wa mjini. Tukiwauliza watatufundisha.

Baadhi ya familia tumekubaliana jambo moja kwa ajili ya Ramadhani ijayo, Insha Allah. Kila nyumba itakuwa na daftari. Usiku wa kuandama mwezi, kila mtu mzima atapima kiuno kwa kamba ya cherehani na kuandika, na kila siku ataandika alichofuturu na kama alikwenda tarawehe kwa miguu au kwa bodaboda. Tarehe, jina la mtaa, kipimo. Dr. Ted alipata kuonyesha dunia jambo kubwa kwa kuandika kama hivyo, na alikuwa na wagonjwa wengi kuliko sisi tulivyo na watoto. Asubuhi ya Idi tutapima tena, kabla ya pilau. Madaftari ya kurasa 96 tumeyanunua, na mzee mmoja ameshaandika lake ukurasa wa kwanza: sentimita 109.

Wallaahu a'alam.